Matroni na Barua za Soksi

Matroni wetu alinusa mvua kabla haijafika. Alisimama mlangoni mwa bweni, leso kiunoni, akainua pua kuelekea mlimani, akasema, "Haya, inakuja," na kweli ikaja. Kabla tone la kwanza halijaanguka alikuwa ameshafika kwenye kamba za nguo, anaanua sare za shule nzima na kuzitupia begani. Hakuna aliyemtuma. Kuanua nguo ilikuwa kazi yetu. Lakini mvua ya upande ule wa Runyenjes haingoji kengele ya kutoka darasani, na yeye hakuvumilia kuona sweta iliyokwisha kukauka ikilowa tena. Ilituchukua muhula mzima kugundua kwamba kazi hiyo aliipendea jambo jingine pia. Alikuwa anasoma soksi zetu.

Nieleze, maana aliyesoma shule ya kutwa anaweza kufikiri nimerukwa na akili. Shule yetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa ya wasichana, ya bweni, katikati ya majani chai. Simu zilikuwa marufuku. Barua iliyoingia ilifunguliwa ofisini, na barua iliyotoka ilisomwa kwanza, ikapigwa mhuri, ndipo ikafungwa. Hata kutembelea bweni la jirani kulihitaji ruhusa. Sasa msichana wa miaka kumi na sita, mwenye maneno mengi kuliko nywele, atafanya nini? Tuliandikiana vikaratasi, tukavikunja vikawa vidogo kama tembe, tukavisukuma ndani ya soksi zilizoanikwa. Soksi ya nani? Ya yule unayemwandikia. Akianua nguo zake jioni anavaa barua yake.

Na ili atakayeiokota asiambulie kitu, tuliziparaganya herufi. Mbinu aliileta Kathure, rafiki yangu wa kutoka upande wa Meru, msichana mrefu mwenye kichwa cha hesabu. Alisema aliibuni mwenyewe akipanda vitunguu kwao, nami sikuwahi kupata sababu ya kumbishia. Unachukua karatasi ya miraba ya hesabu. Unaandika ujumbe wako kwa kwenda kulia, herufi tano kila mstari, mstari chini ya mstari. Halafu husomi kulia tena. Unasoma kwenda chini, safu baada ya safu, lakini si kwa kufuatana. Unafuata zamu ya usafi.

Kila bweni lilikuwa na vyumba vitano, na kila Jumapili Matroni alibandika mlangoni karatasi ya zamu: chumba kipi choo, kipi bafu, kipi veranda, kipi madirisha, kipi takataka. Wiki hii orodha inaanza na chumba cha pili, kisha cha tano, cha kwanza, cha nne, cha tatu. Basi na safu zako unazichukua hivyo hivyo. "Leta mkate kesho" inakuwa EASMKXLKEAEOTTH, ile X ikiwa ya kujaza nafasi. Hata mwalimu wa Kijerumani, kama tungekuwa naye, angekuna kichwa. Wiki inayofuata zamu inabadilika, ufunguo nao unabadilika, na haujafichwa popote. Umening'inia mlangoni, umeandikwa kwa mwandiko wa Matroni mwenyewe.

Sheria ilikuwa moja tu: unatumia zamu ya bweni la anayepokea. Kathure alisema mwenye shida ndiye huenda, kwa hiyo mwenye kuandika ndiye apate taabu ya kupita mlango wa mwenzake na kukariri. Naomba msomaji aishike sheria hiyo. Sisi tulikuwa nayo. Matroni hakuwa nayo.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea na funguo nyingi kuliko milango ya shule. Alivaa viatu vya raba vya wanaume kwa sababu, alisema, vya wanawake vimetengenezwa na mtu asiyewahi kuona matope. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, kisicho na haraka na ngeli, na akikasirika sana alihamia Kiembu, nao wa Meru wakawa wanaelewa nusu ya matusi na kuikisia iliyobaki. Wasichana wote aliwaita "mwari", kama mama anavyomwita binti yake, iwe anakupongeza au anakusuta. Ilibidi usikilize sauti ujue ni lipi.

Dawa zake zilikuwa tatu. Kichwa kikiuma, maji ya chumvi. Tumbo likiuma, maji ya chumvi. Moyo ukiuma, anakukazia macho, kisha anakupa zamu ya choo, kwa maelezo kwamba hakuna aliyewahi kulia na kupiga deki kwa wakati mmoja. Nimejaribu, na anasema kweli. Msichana mmoja wa kidato cha nne, fomu foo kama tulivyowaita, aliwahi kukataa zamu hiyo akisema yeye ni mkubwa. Matroni akamjibu, "Choo hakina fomu foo," na msemo huo ukatuzunguka hadi tukamaliza shule. Mpaka leo ofisini kwetu Embu, bosi akijivuna, mimi huutamka kimoyomoyo nikapata nafuu.

Alichukia umbea. Alikuwa akipita na kukuta wasichana wanne wamekaribianisha vichwa, anasimama na kuuliza, "Nani amekufa?" Mkisema hakuna, anasema, "Basi tawanyikeni, matanga hakuna." Kanisani alikuwa akiongoza maombi ya kina mama, na sala yake ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kumwomba Mungu azuie ulimi. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akitumbukiza kidole katika kila soksi ya shule. Sijawahi kuzipatanisha hizo mbili. Nadhani mwenyewe aliona umbea ni kusema, kusoma hakumo.

Alitugundua vipi? Miaka mingi baadaye alinieleza mwenyewe, na nitafika huko. Alisema hakuanza na vikaratasi. Alianza na mlango. Aliona wasichana wa bweni hili wakisimama mbele ya zamu ya bweni lile, midomo ikichezacheza. "Nikajiuliza, tangu lini msichana akapenda zamu ya choo? Ya wenyewe? Nikajua hapo kuna kitu." Alikuwa ameishia darasa la saba. Alikaa na kikaratasi cha kwanza siku nne, akikikata herufi moja moja kwa makasi na kuzipanga juu ya kitanda kama mtu anayechagua maharagwe, mpaka zikakubali. "Herufi ni kama watoto," alisema. "Hata ukiwakalisha vibaya, bado ni wale wale. Unawaita tu mpaka warudi kwa laini."

Nasi tulijuaje kwamba anasoma? Alitujibu. Msichana mmoja aliomba mkate kwa mwenzake aliyekuwa akisaidia jikoni. Yule wa jikoni alipoanua soksi zake alikuta ujumbe, na chini yake mstari mwingine wa herufi, kwa penseli, mwandiko wa duara tulioujua sote. Alipozipanga zikasema: MKATE UMEISHA. Alikuja mbio, rangi imemtoka. Wiki nzima hakuna aliyeandika kitu. Tulingoja kuitwa ofisini mmoja mmoja. Hatukuitwa. Jumapili Matroni akabandika zamu mpya, akaipiga piga kwa kiganja ishike vizuri, akatuangalia, akaenda zake. Tukaelewa. Tukaanza upya, na sasa tukiandika tulijua tuna msomaji wa tatu. Nakiri tulipendezwa. Baadhi yetu tulikuwa tukiongeza salamu zake mwishoni.

Kisa cha nduma, magimbi ya huku kwetu, ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachoniuma. Nilikuwa kidato cha kwanza bado, muhula wa pili, mvua haikatiki, na mama yangu alikuwa mbali. Nilimwandikia Kathure: NATAKA NYUMBANI. Nikaisukuma ndani ya soksi yake. Kesho yake Matroni akamwita Kathure chumbani kwake, akamkalisha, akamwekea chai ya maziwa na nduma mbili za moto, akamwambia, "Kula, mwari. Nyumbani haitoroki. Iko tu." Kathure, ambaye alikuwa akifurahia shule kuliko mtu yeyote niliyemjua, alikula nduma moja kwa adabu na kuificha nyingine ndani ya sweta akaniletea. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Hatukujua kwa nini alipewa yeye. Tulidhani Matroni amechanganya majina.

Sasa naona wazi kabisa. Kwao Matroni, na kwetu, na kwa kila nyumba iliyolea watoto huku, nguo ya mtu iliyoanikwa haiguswi na mwingine. Unaweza kuianua mvua ikija, lakini kutia mkono ndani yake ni tabia ya mchawi au mwizi. Sisi tuliichagua soksi kwa sababu hiyo hiyo: hakuna ambaye angefikiria. Na Matroni hakufikiria. Yeye mwenyewe alijipa ruhusa kwa cheo chake, lakini kwamba msichana aliyelelewa vizuri atie mkono kwenye soksi ya mwenzake, hilo halikumwingia. Aliamini kila msichana anaficha barua katika soksi yake mwenyewe, na mwenzake anakuja kuomba apewe. Kwake, mwenye soksi ndiye mwandishi. Na kwa kuwa ufunguo ulikuwa daima ule wa bweni la mwenye soksi, hesabu yake ilikubali kila mara.

Lazima niseme pia kwamba hakuwa malaika. Mwaka tuliokuwa kidato cha pili, barua ilikuja ya msichana mmoja ambaye babake alikuwa amefariki. Wakati huo mwalimu mkuu hakuwapo, na barua ikafika mikononi mwa Matroni. Aliishika siku tatu, mpaka mtihani ulipokwisha. Msichana alipita vizuri na akakosa mazishi. Kuna waliosema alifanya hekima. Mimi nilimwona yule msichana akitazama tarehe kwenye bahasha, na sikuwa miongoni mwao. Matroni alikuwa na imani kubwa mno katika kujua. Akishajua jambo, aliliona ni lake, na yeye ndiye wa kuamua lifanyiwe nini. Mara nyingi aliamua kulifunika, na tukampenda. Lakini ni mkono huo huo.

Kidato cha tatu, githeri, yale mahindi na maharagwe yetu ya kila jioni, ikaingia wadudu. Si mmoja wala wawili. Tulilalamika kwa kiranja, kiranja akalalamika kwa mwalimu, mwalimu akasema wadudu ni protini. Basi mimi, niliyekuwa na mdomo mrefu na akili fupi, nikaamua tugome. Sio kuvunja madirisha. Tukatae tu chakula cha jioni, meza zote, tunyamaze, turudi darasani na njaa yetu. Niliandika vikaratasi sita. Cha Kathure kilisema: USILE KESHO JIONI. Herufi kumi na tano, miraba imejaa sawasawa, nikafurahi kama fundi aliyekata ubao ukatosha. Nilipita mlango wao, nikakariri zamu yao, nikaandika, nikakitia katika soksi yake mchana wa saa saba.

Saa nane mvua ikaja.

Mtaniuliza kwa nini niliandika jambo kama hilo nikijua kuna msomaji wa tatu. Ni kwa sababu tulimzoea. Alikuwa amefunika mikate, wavulana, mazoezi yaliyonakiliwa. Nilidhani atafunika na hili. Lakini muhula huo redio haikuwa na habari nyingine ila migomo ya shule, mabweni kuteketea, wazazi kulia getini. Matroni alikuwa akilala na funguo za bweni zimefungwa mkononi kwa kitambaa, asije akazitafuta moshi ukiingia. Yeye hakuona githeri katika kile kikaratasi. Aliona moto. Alikipeleka ofisini kikiwa bado kimelowa. Vile vingine vitano sikujua vilienda wapi. Labda mvua ilivifuta.

Nilikuwa na zamu ya madirisha ya ofisi. Ndiyo, siku hiyo hiyo. Nilikuwa nje nafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa, na dirisha la juu lilikuwa wazi.

"Sikuandika," Kathure alisema. "Niliandikiwa."

"Na nani?" mwalimu mkuu akauliza.

Kathure akanyamaza.

"Mwalimu," Matroni akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha, "hii ni zamu ya bweni lake. Na ni soksi yake, iko na nambari yake. Sasa nani anaweza kuweka mkono kwa soksi ya mwenzake? Hata wewe fikiria."

"Niliandikiwa," Kathure akarudia. Halafu akageuza uso dirishani na akaniona. Hakunionyesha kidole. Alinitazama tu, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kiatu ili waendelee na safari. Mimi nikaendelea kufuta kioo.

Nilikuwa nalipiwa karo na kanisa. Mama alikuwa ameniambia, siku ya kuripoti, kwamba nikirudishwa nyumbani kwa utundu nisipitie barabara kuu, nipitie mtoni, nisionekane na watu. Hizo ndizo sababu zangu. Nimezipanga mara nyingi, kulia na kushoto, na kwa mpangilio wowote zinasoma neno lile lile, uoga.

Babake Kathure alikuja kutoka Meru kesho yake. Aliambiwa msichana akae nyumbani mpaka bodi ikutane. Alisikiliza amevua kofia, akatia sahihi, akabeba godoro mwenyewe. Getini akasema kama shule imemkataa, shamba halijamkataa. Bodi ilipokutana ilimsamehe, barua ikatumwa, lakini mzee alikuwa ameshakata shauri, na Kathure hakurudi. Alikuwa akitaka kuwa nesi. Alikuwa na alama za kutosha kuwa chochote.

Matroni alibadilika, na sisi tukadhani ni uzee. Nguo aliendelea kuanua mvua ikija, lakini soksi hakuzigusa ndani tena. Alizishika kwa ncha za vidole, akazitupa kikapuni. Zamu akaacha kuibandika. Jumapili alikuja kuisoma kwa sauti, mara moja, anayesikia asikie. Mchezo ukafa. Tulifanya mtihani, tukatawanyika. Mimi nikaingia chuo hapo Embu, nikapata kazi katika ofisi za kaunti, nikaolewa, nikanenepa.

Kathure nilijua alipo. Anauza ndizi kwa jumla pale soko la Gakoromone, mjini Meru, lori zinamletea, wachuuzi wanampangia foleni asubuhi. Amejenga. Watu husema habari zake kwa heshima. Mara mbili kwa mwaka kazi hunipeleka Meru, na mara zote nimenunua ndizi upande wa pili wa soko, nimeinamisha kichwa kama mdaiwa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilimpeleka mtoto kliniki ya macho, na kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, raba za wanaume miguuni, amewekwa dawa ya kupanua mboni na ameambiwa angoje. Nilimsalimia. Akainua uso, macho yanachuruzika.

"Hiyo sauti ni ya bweni la juu," akasema. "Wewe ni ule alikuwa anaimba alto na kusahau maneno."

Tulipomaliza na daktari nilimwacha mtoto kwa shangazi yake, nikampeleka Matroni hoteli ya karibu, tukaagiza chai na mandazi. Alinieleza habari za makasi na kitanda, nami nikacheka, naye akacheka, akafuta macho kwa leso. Kisha akaacha kucheka. Akageuza kikombe mara mbili kwenye kisahani.

"Kuna kitu inanisumbua," akasema. "Ule msichana wa Meru. Alisema aliandikiwa. Mimi nikasema haiwezekani. Lakini mwari, mimi nimelea watoto wengi. Mtoto akidanganya anaongeza maneno. Huyu alisema neno moja tu, mara mbili, akanyamaza. Nimekuwa nikifikiria hiyo. Hata kanisani nikiomba, inakuja. Nimeuliza wasichana wa miaka yenu kila mahali nakutana na wao, hakuna anajua." Akaniinamia na macho yake yasiyoona vizuri. "Wewe ulikuwa rafiki yake. Kama aliandikiwa, nani alimwandikia?"

Ningeweza kusema sijui. Ninasema ukweli, neno hilo lilikuwa mdomoni.

"Ni mimi, Matroni."

Nje mtu alikuwa anapiga honi bila kuchoka. Nikamweleza yote: soksi ya anayepokea, zamu ya anayepokea, gazeti na kioo. Nilipofika kwenye nduma alifunika uso kwa viganja viwili.

"Kwa hivyo hata ile nduma ilikuwa yako," akasema.

"Nililetewa moja."

"Uuu. Na mimi nikajiona mjanja." Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa Kiembu hata, na ningeipokea. Nililia, sitaficha, mbele ya watu na mandazi yao. Nikamwambia anisamehe.

"Mimi?" Akashusha mikono. "Mimi unaniomba ya nini? Mimi nilisoma vibaya. Wewe ulinyamaza. Hiyo maneno yote si ya hii meza. Yeye yuko wapi?"

"Gakoromone."

"Kesho ni Jumamosi," akasema. "Ukuje asubuhi, na uvae kitu ya kawaida, usiende kujionyesha."

Nilimchukua kwake saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa ameshavaa, mkoba mkononi, sweta ya kijivu imefungwa vifungo vyote. Njiani aliongea habari za macadamia na za wakwe zake. Tulipofika Chuka alinyamaza, na hakuongea tena mpaka Meru.

Tulimkuta Kathure amesimama nyuma ya lori, aproni ya bluu, simu sikioni, akiwaelekeza wapakuzi kwa mkono mwingine. Mikungu ilikuwa inashuka, mibichi, bado inatoa utomvu. Alituona. Alimaliza simu yake kwanza.

"Muga," akasema, salamu ya kwao, kama kwa mteja yeyote. Kisha akamtazama mama mzee vizuri. "Matroni?"

Matroni hakungoja kukaribishwa. Alisimama katikati ya majani ya ndizi yaliyokanyagwa, akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na akasema kwa sauti, wapakuzi wakasikia, mwanamke wa nyanya wa kibanda cha pili akasikia.

"Nilikosa. Niliamini soksi, sikukuamini wewe. Ulisema ukweli mbele yangu mara mbili. Nimekuja kukwambia ulisema ukweli."

Kathure alikuwa ameshika shina la mkungu uliokuwa kwenye ukingo wa lori, na mkono wake haukutoka pale.

"Na mimi ndiye niliyeandika," nikasema. "Nilikuwa dirishani. Nilinyamaza."

"Wewe najua," akasema. "Uliniandikia mimi. Nani mwingine angejua?" Aliongea polepole, bila ukali, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Wiki ya kwanza nyumbani nilikuwa naketi juu ya ukuta nikiangalia barabara. Nilikuwa nasema, atakuja na mwalimu, waseme ilikuwa makosa. Ya pili pia niliketi. Baba akaniuliza, unangoja gari gani? Nikashuka."

Nililokuwa nimeandaa njiani lilikuwa limeisha lote. Nyuma yake dereva akapiga ubavu wa lori, akasema mama, hii gari inatakiwa Nkubu saa nne.

Kathure aliangalia lori. Akavuta kreti tupu, akaipangusa kwa aproni, akaiweka mahali penye kivuli. "Matroni, kaa hapa," akasema. "Umetoka mbali." Akamshika mkono akamkalisha, akaita mtu alete chai. Alipoinuka machoni alikuwa na machozi, na aliyafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

Kisha akarudi kwenye ule mkungu, mkubwa kuliko yote, akashika ncha moja. Mpakuzi akaja kushika ya pili. Akamwambia aache.

"Wewe," akaniambia, bila kunitazama. "Shika huko."

Nikaweka mkoba wangu chini, nikashika.